Bei ya Mabaki ya Bibi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa katikati ya barabara, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikimkimbiza Bibi aliyekuwa akishuka mlima peke yake bila dereva.

Kwa mliochelewa kujiunga nasi, Bibi ni gari langu. Ni gari la zamani, lina umri wa kutosha kuitwa hivyo na kuheshimiwa. Juu ya paa amebeba spika nne, na ndani hukaa mimi na kipaza sauti changu. Natangaza mitaani. Duka likishusha bei, shule ikiita wazazi, mtoto akipotea, maji yakitaka kukatika, mtanisikia. Watu huniita Mama Spika na mimi huitika, kwani nimeshaitwa mabaya zaidi.

Siku hiyo niliingia dukani kununua maji, breki ya mkono ikaachia. Tangazo la magodoro nilikuwa nimelirekodi, kwa hiyo Bibi aliteremka mlima mzima akinadi magodoro kwa sauti yangu, akaenda kuikumbatia nguzo ya zege. Boneti ilijikunja, rejeta ikapasuka, mvuke ukapanda juu, na bado nilikuwa nawasikia watu wakiahidiwa usingizi mnono. Hakuna aliyeumia. Mimi niliumia roho, lakini hiyo haikatiwi bima.

Bibi mwenyewe alikuwa nayo. Tena bima kubwa, ile inayolipa hata ukijigonga mwenyewe. Aliyenilazimisha kuikata ni mume wangu, fundi redio, mtu mpole anayeogopa kila kitu duniani isipokuwa umeme.

Yeye ndiye aliyemfanya Bibi awe Bibi. Alinunua gari la kawaida kabisa, akalitoboa paa, akafunga betri mbili, akaweka springi za pikapu nyuma ili lisiinamie kwa uzito, akapitisha waya hadi kwenye kona ambazo mimi sikujua kama gari linazo. Alifanya hivyo mwaka tuliooana. Wenzangu walipewa pete zenye mawe, mimi nikapewa amplifaya.

Asubuhi ya siku ya kwenda bima nilimkuta anakunywa chai huku anaangalia ukuta.

"Wakikupa hela, chukua," akaniambia. "Gari limekwisha lile."

"Limekwisha? Wewe si fundi?"

"Mimi fundi redio, mke wangu, sio mfufua wafu. Ni chuma tu kile. Chukua hela, tusahau."

Chuma tu! Niliweka kikombe changu chini kwa sababu nilihisi nitakirusha. Mtu amelitengeneza gari kwa mikono yake, nimesemea ndani yake miaka yote hiyo, leo ananiambia ni chuma tu.

Mimi sikutaka hela. Nilitaka Bibi arudi barabarani. Msimu wa kufungua shule ulikuwa unakuja na wauza sare walikuwa wananiulizia. Bila Bibi mimi ni mwanamke mwenye kelele tu, na hao wapo kila nyumba.

Nikavaa, nikampitia wifi yangu.

Wifi ni dada yake mume wangu, anauza mitumba sokoni. Huyu mama hajawahi kulipa bei ya kwanza maishani mwake. Aling'olewa jino, daktari akapunguza. Nilijua mambo ya bima hayajui, lakini nilitaka mtu wa kunisimamia asiye na aibu, na katika hilo ukoo mzima hakuna wa kumshinda.

"Wewe usiongee sana," akaniambia njiani. "Uso wako unaonyesha shida. Mtu mwenye shida hapati bei."

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofani. Mlangoni nikaonyesha kitambulisho, nikakirudisha mkobani, tukakaa kwenye viti vilivyoungana hivi kwamba mmoja akijikuna wote mnatikisika. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Ukutani palikuwa na bango la familia inayocheka kando ya gari lililopondeka. Sijui walikuwa wanacheka nini.

Afisa wa madai akatuita. Alikuwa kijana nadhifu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na muda wote niliokaa naye haikushuka hata mara moja. Nitamwita Miwani.

"Mama, pole na ajali," akasema. "Mkaguzi wetu ameliona gari. Kuna tatizo."

"Tatizo ni nguzo," nikasema.

"Hapana. Tatizo ni kwamba sisi tulikata bima ya gari. Hiki tulicholetewa kwenye yadi yetu kina spika nne, tundu kwenye paa, betri mbili na springi za pikapu. Gari limebadilishwa bila kampuni kujua. Kwa kweli, naweza kuyakataa madai yote sasa hivi."

Wifi akafungua mdomo, nikamwahi.

"Bila kampuni kujua?"

"Hatukujua."

Nikasimama. Nikasafisha koo. Na pale pale, katikati ya ofisi, mlango ukiwa wazi, nikaifungulia sauti ile inayonilisha:

"Ndugu mwananchiii! Ukipata ajali, usilie! Ukigongwa, usinung'unike! Njoo kwetu, hatukuzungushi, tunakulipa huku tunatabasamu!"

Kwenye viti vya kusubiria mzee mmoja akapiga makofi. Mwingine akauliza kwa sauti, "Sasa mbona mimi wananizungusha?"

Miwani aliruka akafunga mlango.

"Tangazo hilo ni lenu," nikamwambia. "Mwaka jana mlinikodi nizunguke nalo mji mzima. Hamkunikodi mimi nitembee kwa miguu. Mlimkodi Bibi, na spika zake nne, na tundu lake kwenye paa. Bango lenu ndilo lililosimikwa kwenye tundu hilo. Aliyeniletea maneno ya kusoma alikuwa kijana fulani, miwani kaipandisha hapa."

Akashika paji la uso.

"Ni mimi niliyeyaandika," akakiri.

"Maneno mazuri."

"Asante."

"Basi tabasamu."

Hakutabasamu, lakini akafuta kitu kwenye kompyuta yake. Spika zikahesabiwa. Betri zikahesabiwa. Nilitaka kumbusu, nikajizuia kwa sababu ya kiyoyozi kilichonifanya nipige chafya.

Tukaingia kwenye bei.

Bei aliyoitaja sitaitaja hapa, kuna watoto wanasoma gazeti hili. Alisema thamani ya gari hupungua kila mwaka, na Bibi kwa umri wake alipaswa kuwa anatudai sisi mazishi.

Hapo nikaanza kumsifia. Nilimwambia Bibi hajawahi kulala barabarani. Nilimwambia anawaka kwa ufunguo mmoja hata siku ya mvua, kwamba viti vyake ni vya asili, kwamba kazi ya mikono iliyomo ndani yake haiuzwi dukani. Nilimwambia magari ya siku hizi ukiyapigia chafya yanapasuka bampa. Kila nilipopumua Wifi alidakia: "Na rangi yake! Umeiona rangi yake wewe?"

Miwani akapandisha bei kidogo. Wifi akasimama, akatikisa kanga yake.

"Wifi, twende. Huyu hajafika bei."

"Tunaenda wapi?" nikamnong'oneza.

"Twende!"

Tukatoka. Tukapita mapokezi, tukapita bango la wanaocheka, tukafika juu ya ngazi. Wifi akapunguza mwendo.

"Sasa hivi atatuita," akasema. "Usigeuke."

Sikugeuka. Hakuna aliyetuita. Tukashuka ngazi moja. Tukasimama tena, Wifi akajifanya anafunga kiatu, na amevaa ndala.

"Wifi," nikamwambia, "hapa sio sokoni. Huyu mtu akituona tumeondoka atakwenda kula."

"Mteja akiondoka bila kuitwa, aliyekaa dukani ana kiburi," akasema kwa hasira ya kweli. Maskini, sijawahi kumwona amefedheheka vile.

Tukarudi. Wifi aliingia mbele, kidevu juu.

"Nimesahau mwavuli."

Miwani akaangalia chini ya meza. "Mwavuli gani, mama?"

"Basi nitakuwa nimeuacha nyumbani. Lakini maadamu tumesharudi..."

"Kaeni," akasema Miwani. "Mlipotoka nimeongea na meneja. Nimemweleza habari ya lile tangazo. Ameogopa utalirudia barabarani ukiongeza maneno yako. Amekubali tuongeze."

Akataja bei mpya. Wifi akanifinya paja hadi machozi yakanitoka, na Miwani akadhani ni ya furaha. Kweli ilikuwa bei ya kueleweka. Sio ya kujenga ghorofa, ila rejeta, boneti, taa na rangi vyote vilikuwa vinaingia humo na chenji inabaki.

"Nakubali," nikasema. "Lete nisaini nimchukue Bibi wangu."

"Umchukue wapi?"

"Huko kwenye yadi yenu."

Miwani akaniangalia kwa huruma, na mimi huruma ya watu wa ofisini huwa inanitia hofu.

"Mama, tukishakulipa thamani ya gari lote, gari si lako tena. Mabaki yanakuwa ya kampuni. Tunayauza."

"Mnamuuza Bibi?"

"Tunauza mabaki. Mtu yeyote anaweza kuja yadi, akaangalia, akaacha bei yake. Mwenye gari tunampa nafasi ya kwanza, lakini lazima apite bei ya juu iliyotolewa, na sisi tunaikata kwenye malipo yake."

"Na kama bei ya juu ni ndogo?"

"Tunakata kidogo."

"Na kama ni kubwa?"

"Tunakata hela nyingi. Halafu kuna jambo moja nalisema mapema ili tusije tukalaumiana. Jamaa wa mwenye gari haruhusiwi kuleta bei. Mume, mke, ndugu, mchumba, hakuna. Watu walikuwa wanawaleta shemeji zao watoe bei ya soda. Siku hizi tukigundua tunaita njama, na madai yote yanafutwa. Hupati hela, hupati gari."

"Sisi hatuna mambo hayo," nikasema, na nilisema kweli.

Hapo ndipo nilipoelewa nimejifanyia nini. Nusu saa nzima nimemsifia Bibi hadi ulimi umekauka, na sasa kila sifa niliyotoa ilikuwa inampandisha bei mikononi mwangu. Ikabidi nigeuze gia.

"Kwa kweli, mwanangu," nikaanza, "sasa tuongee ukweli. Gari lile ni bovu."

"Bovu?" akashtuka Wifi.

"Bovu kabisa. Linakula mafuta. Milango haifungi. Kuwaka lenyewe mpaka ulibembeleze."

"Wifi, si juzi tu lilikuwa linawaka kwa—"

Nikamkanyaga mguu.

"Na viti vimeoza. Ukikaa unasikia barabara. Halafu zile waya, usiniulize. Fundi aliyezifunga nadhani alikuwa amelewa."

"Nani amelewa?" Wifi akasimama. "Kaka yangu hanywi hata togwa!"

Nikamkanyaga mguu wa pili. Akakaa. Nikaona jambo linamwingia taratibu kichwani, halafu akageuka kwa Miwani na kusema kwa sauti ya msiba, "Na rangi yake! Umeiona rangi yake wewe?"

Miwani alikuwa anajitahidi asicheke.

"Ajabu," akasema, "maana kuna mnunuzi ambaye kila siku anapandisha. Amekuja yadi mara kadhaa. Mlinzi anasema huwa anaingia anakaa humo ndani muda mrefu, hafanyi kitu, hadi mlinzi akadhani amelala. Na bei yake ndiyo hii."

Akanigeuzia kompyuta. Nikaona bei. Ukiikata kwenye malipo yangu, nilikuwa nabakiwa na Bibi aliyevunjika na hela ya kumnunulia taa moja.

Wifi akaisoma pia. Akacheka kicheko kile cha sokoni.

"Mdogo wangu, hilo mimi nalifanya kila siku. Mteja akisita, namwambia kuna mama ameacha oda ya gauni hilo hilo, anakuja jioni. Hakuna mama. Huyo mnunuzi wako hayupo. Umemtunga."

"Nimtunge kwa faida gani?"

"Mpigie tumsikie. Sauti iwe juu."

Nadhani yale mambo ya tangazo yalikuwa bado yanamuuma, maana Miwani hakubishana. Aliibwaga simu katikati ya meza, akabonyeza, ikaita.

"Haloo," ikasema simu.

Sauti ya kiume, ya taratibu, yenye adabu zake. Mkono wa Wifi ukalishika goti langu na haukuliachia. Asubuhi ile ile, sauti hiyo ilikuwa imeniambia ni chuma tu.

"Bwana, mimi wa bima. Lile gari la spika bado unalitaka?"

"Nalitaka sana, bwana."

"Nakuuliza kwa sababu wapo wanaosema ni bovu. Milango haifungi, viti vimeoza, waya zimefungwa na mlevi."



"Nani kasema mlevi?" ikauliza, na nikamsikia mume wangu amekasirika, jambo ambalo kwenye ndoa yetu nimelishuhudia kwa nadra sana. "Mwambie huyo mtu hajui kitu. Waya za gari lile hazina kiungo hata kimoja. Gari lile limetengenezwa kwa moyo."

Niliinamisha kichwa. Nilitaka kuingia chini ya meza nikakae na mwavuli wa Wifi. Ina maana analitaka! Ananinyima moyo asubuhi, kisha anakwenda kukaa ndani ya gari langu kwenye yadi ya watu. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nilitaka kumwambia nyamaza, baba, unatupandishia bei wenyewe.

Lakini kusema "huyo ni mume wangu" ilikuwa ni kuyaua madai yote pale pale.

"Sawa," akasema Miwani. "Ukilipata, niandike jina lako?"

"Hapana. Litaandikwa jina la mwanamke mmoja. Kitambulisho chake nitakuletea, ninacho hapa mfukoni."

Miwani akatabasamu, lile tabasamu wanaume wanalopeana. "Mama wa nyumbani, bila shaka?"

"Mke wangu?" Mume wangu akashtuka kabisa. "Hapana, bwana. Nakuomba sana, mke wangu asijue. Akijua, kila kitu kimeharibika."

Wifi akaniangalia, akaangalia simu, akajifunika mdomo kwa kanga.

Nusu ya moyo wangu ilisema, mjinga wewe, ni zawadi yako hiyo, anataka kukushtua. Nikaingiza mkono mkobani polepole. Kitambulisho changu kilikuwemo, nikakishika kwa vidole. Basi alichonacho mfukoni ni cha nani?

Miwani hakuona chochote. Alinigeukia kwa heshima zote.

"Mama, umesikia mwenyewe. Nafasi ya kwanza ni yako. Unaongeza, au nimpe?"

"Uko na nani hapo?" ikauliza simu.

"Mwenye gari," akasema Miwani. "Tuko naye hapa."

Nikasikia pumzi tu.

Nikifyata mdomo, Bibi anakwenda kwa mwanamke nisiyemjua. Nikimtaja mume wangu, hakuna hela na hakuna Bibi. Ilibaki njia moja, na hiyo ilikuwa ya kijinga kuliko zote. Ningeweza hata kubana pua nibadilishe sauti. Sikutaka. Nilisogea mezani nikaongea kwa sauti yangu yenyewe, ile ambayo yeye alizipima spika nne kwa ajili yake.

"Naongeza," nikasema.

Miwani akaandika. "Bwana, umesikia? Mwenye gari ameongeza."

Mume wangu akakohoa. Angeweza kukata simu. Angeweza kucheka, akaniita jina langu, akasema tutaonana nyumbani. Mtu hawezi kulala na sauti miaka yote hiyo halafu asiitambue. Alijua ni mimi.

"Nimesikia," akasema taratibu. "Na mimi naongeza."